Sura kwenye Nguzo ya Mbele

Mwalimu Dunstan alipohamishwa kutoka Masasi kwenda kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Newala, aliwakuta watoto wanaotaja mito ya Ulaya bila kusita, lakini hawajui kinu kinaitwaje kwa Chimakonde. Jambo hilo lilimkera sana, ingawa yeye mwenyewe ni Mmakua na hakulijua jina hilo.

Akaitisha kikao cha wazazi. Wakakubaliana kujenga darasa la nje: banda la nyasi lisilo na kuta, viti vya magogo, ngoma na kinu, mahali ambapo bibi na babu wa watoto wangekuja kufundisha mila za Wamakonde. Nguzo za banda zingechongwa sura za watu. Kazi hiyo akapewa fundi Basil, mchongaji asiyependa kuharakishwa.

Dunstan alipenda kuharakisha. Kila asubuhi, wanafunzi wakishatoka mstarini, alikwenda kusimama mbele ya gogo, mikono nyuma, akimlaumu fundi kwa kuchelewa. Basil hakubishana naye. Alimtazama kwa muda, kisha akaishika patasi akaendelea.

Nguzo ya kwanza iliposimamishwa mbele ya banda, shule nzima ilikuja kuitazama. Paji pana, masikio yaliyochomoza, mdomo wa chini uliovutwa kwa hasira: alikuwa Mwalimu Dunstan mtupu, ila tu amechanjwa chale za kale mashavuni. Watoto wa darasa la kwanza waliopita hapo waliiamkia nguzo, wakangoja kuitikiwa.

Aliyekuwa hajagundua ni Dunstan peke yake. Alijua kuna sura anayoifahamu, lakini kwa kuwa ilikuwa na chale za Kimakonde, hakufikiri hata mara moja kwamba ni yake. Alipoitafakari sana, akapata jibu lililomtoa jasho: ni Bwana Trevor, afisa elimu, Mmakonde mzaliwa wa Tandahimba, ambaye ndiye angekuja kuzindua darasa.

Akamwita Mwalimu Faidha, msimamizi wa mradi, akamwambia kwamba fundi amemtukana afisa. Faidha akaitazama nguzo, akamtazama mkuu wake, akaomba ruhusa akasahihishe madaftari. Basil naye alipoombwa apunguze masikio, alisema yakipunguzwa hayatakuwa masikio ya mwenyewe. Dunstan akaona hana la kufanya ila kuifunika nguzo kwa kanga ya mkewe, Nancy.

Siku ya uzinduzi wazazi walijaa. Bibi Sijaona, aliyepangiwa kufundisha somo la kwanza, aliiona kanga ile akadhani imefungwa hapo ili ifunguliwe kwa heshima. Akaifungua, akapiga vigelegele.

Bwana Trevor aliitazama nguzo kwa makini, akamgeukia mwenyeji wake.

"Mwalimu, hapa wamekuheshimu kweli."

"Mheshimiwa, tusamehe," Dunstan akasema. "Hatukukusudia kukuchonga wewe."

Walioanza kucheka ni walimu. Wakafuata wazazi, na mwisho afisa mwenyewe, hata akashikilia kiti. Dunstan akaikaribia nguzo. Akajishika sikio, akalishika na la mti, ndipo akaelewa. Akamuuliza mkewe kama naye alijua.

"Tangu siku ya kwanza," Nancy akasema. "Nilidhani umefurahi."

Baadaye Dunstan alimfuata Basil, akataka kujua kwa nini amemchonga akiwa amenuna.

"Mwalimu, ulikuwa unakuja kusimama pale pale kila asubuhi," Basil akasema. "Nilichonga nilichokiona."

Bibi Sijaona akaanza somo lake la Chimakonde. Dunstan akavuta gogo akaketi kati ya wanafunzi wa darasa la nne, akalitamka neno la kwanza vibaya, watoto wakamcheka, naye akalirudia.

Wiki iliyofuata Basil alianza nguzo ya pili. Faidha alimpelekea ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, ingali moto. Walimu wengine nao, wakipita mbele ya gogo lile, walikuwa wakitabasamu mpaka mashavu yanawauma.