Hajjat Katika Vyumba Kumi na Vinne

Jana mchana, nikiwa nimelaza shavu juu ya kompyuta na mayai ya mwenyewe yakikaribia kuchemka pembeni yangu, niliota.

Mayai hayo ni ya Hajjat Mwanakombo, mfuga kuku wa Muheza, na mashine ya kuyatotolesha nilimtengenezea mimi, Shekue. Ilitoa vifaranga mara mbili bila kinyongo. Aliporudi kutoka kuhiji Makka nikataka kumfurahisha: kwenye skrini palipokuwa pakiandikwa "Bi Mwanakombo", nikaandika "Hajjat Mwanakombo". Akalia kwa furaha. Hiyo ilikuwa asubuhi ya jana, na tangu hapo mashine ikapata wazimu. Joto linasomeka sifuri, hita inadhani mayai yanaganda, inawaka kama imetumwa. Nimebadilisha kipima joto, nimebadilisha nyaya, nimelaumu umeme. Hajjat amekaa kwenye kigoda, anazima swichi kwa mkono wake kila moto ukizidi.

"Shekue mwanangu," aliniambia, "vifaranga wanatoka leo. Ukishindwa mpaka alasiri, mayai nayarudisha kwa kuku wangu. Na wewe nitakutafutia tetea akuatamie, huenda bado hujaiva."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikainamisha kichwa nifikiri, nikalala.

Niko ndani ya chipu, ule ubongo mdogo wa mashine. Kumbe ni uchochoro mrefu wa vyumba vya kupanga, kila mlango una namba. Hilo halinishangazi. Linalonishangaza ni kwamba wamefagia.

Mzee wa kanzu ananijia. Ana kidole kimoja tu, kirefu kama mwiko wa pilau.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Mimi Kielekezi. Kitu chochote ulichohifadhi humu, mimi ndiye ninayeonyesha kilipo."

"Basi nionyeshe ubovu ulipo, mzee wangu."

"Ubovu hauna namba. Mimi naonyesha mlango. Nani kalala ndani, hayanihusu."

Kufumba na kufumbua, uchochoro umekuwa stendi ya Muheza. Dufu linapigwa. Herufi wanashuka kwenye basi, wakubwa kama watu. H anatangulia na mabegi, a anamfuata, kisha j wawili mapacha na madumu ya maji ya zamzam. Nyuma ya wote anakuja bibi mmoja mkimya, ameshika kufuli.

"Yule ni Sifuri," Kielekezi ananinong'oneza. "Kila jina lina Sifuri wake. Anafunga mlango wa mwisho, watu wajue jina limeishia pale."

Stendi inarudi kuwa uchochoro, na kila herufi anachukua chumba chake. Hata ile nafasi tupu katikati ya maneno mawili imepewa chumba, imelala chali, haina mzigo wala shida. Nasimama kifua mbele kama baba mwenye nyumba. Kisha chumba cha kumi na nne kinafungwa, na nje wamebaki m, b, o na Sifuri.

"Vyumba vimekwisha," namwambia Kielekezi.

"Ndiyo. Ulijenga vya kumtosha Bi Mwanakombo na Sifuri wake. Hajjat ni mrefu zaidi."

"Sasa hawa wanalala wapi?"

"Mgeni harudishwi mlangoni," anasema, na kidole chake kinasogea hadi mlango unaofuata.

Ni chumba cha Joto. Joto ni mama mnene, anatoka jasho, amejipumzikia zake. m anapanda kitandani. b anapanda. o anapanda. Sifuri anapanda na kufuli lake. Joto anaanguka sakafuni, puu!

"Karibuni sana," anasema kutoka sakafuni, maana ana adabu.

Bwana Hita anachungulia dirishani, kuni begani. Anatazama kitanda, haoni ila wageni waliopoa kwa safari.

"Joto hayupo! Mayai yanakufa!" anapiga kelele, na kukimbia kuchochea moto.

Nauma midomo. Kumbe hita haina kosa, na mimi niliitukana tangu asubuhi.

"Mzee, nikimrudisha Bi, si watatosha?"

Kielekezi ananitazama kwa huruma. "Mama wa watu ameenda Makka amerudi. Wewe uende ukamwambie hakwenda?"

Naona aibu ya pili kwa siku moja. Naomba karai. Najenga vyumba vinne vipya, matofali yanakuja yenyewe yakilalamikia jua. Joto anahamia mbele, kitanda chake kichwani, anaimba. m anashuka, ananitia tende mdomoni.

"Kula, fundi," anasema. "Tulidhani hutakuja."

"Shekue! Shekue! Imewaka tena!"

Nikainuka, shavu limejaa alama za vitufe. Nikafungua programu, nikatafuta nafasi niliyolitengea jina. Kumi na nne, vilevile kama enzi za Bi. Nilibadilisha jina, nikasahau nyumba. Nikaandika kumi na nane, nikaipelekea mashine.

Skrini ikaandika "Hajjat Mwanakombo" mpaka herufi ya mwisho, na chini yake 37.7, joto lilelile mayai yanalolitaka. Hajjat akaondoa mkono kwenye swichi polepole, kama anayemwachia mtoto atembee. Hita ikazima yenyewe. Baadaye ikawaka yenyewe, ikazima. Ndani, yai moja likagongwa kutoka upande wa pili.

Hajjat akapiga kigelegele. Halafu akakikatisha, akanikazia macho.

"We Shekue, unamumunya nini?"

Nikatema kiganjani. Kokwa ya tende. Akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii ajwa, tende ya Madina," akasema. "Nilikuja nazo chache, nikawapa walionipokea stendi, zikaisha palepale. Na wewe hukuja."

"Nilikuja, Hajjat," nikamjibu. "Nilikuwa nawajengea wageni wako."