Siri ya Mshona Suruali

Kwa miaka minne mshona suruali aliwaficha wenzake kifafa chake, akihofia kukimbiwa. Jumanne asubuhi kikamwangusha katikati ya karakana. Alipozinduka alijikuta amelazwa ubavu, kichwa juu ya jora la kitambaa, na mshona mashati ameketi sakafuni kando yake.

"Sasa mmejua," alisema kwa aibu. "Acha nikusanye vitu vyangu."

"Uende wapi, dada, na suruali kumi zinakusubiri?" mwenzake akamjibu. "Mama yangu naye ana kifafa, na ndiye anayetuendesha mbio nyumbani. Dawa umekunywa?"

"Jana nilisahau."

"Basi nitakukumbusha kila siku mpaka unichoke."

Mshona suruali akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Moyo ulikuwa mwepesi kama pamba.