Sauti ya Mwanangu Haikutoka Kwenye Chupa

Maneno niliyasikia bombani, na tangu hapo hayakunitoka kichwani: mtaa wa pili kuna kijana alikunywa dawa ya kulainisha sauti, ikamkata sauti moja kwa moja, sasa akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Mwingine angesema ni umbea. Mimi nilirudi nyumbani na ndoo nusu, maana mwanangu alikuwa anaitafuta sauti laini hiyohiyo.

Nieleze mnielewe. Mwanangu wa kwanza tulimlea kama mvulana. Alipokuwa mtu mzima alinikalisha chini akaniambia, "Mama, mimi ni binti yako." Tuliyosemezana siku zile tuliyamaliza wenyewe. Mdogo wake alizoea kumwita dada kabla mimi sijazoea kumwita binti, na nguo zake nazishona mimi, kwa hiyo mabega yake nayajua kuliko mtu yeyote. Lakini sauti haishonwi. Yake ilikuwa nzito, shuleni walimwita Ngoma. Anaingia dukani amependeza, akisema tu "naomba sabuni," duka zima linageuka.

Ndipo ikatokea kazi ya kutangaza kwenye kipaza sauti cha soko la jumla. Msimamizi wa soko akamwambia aje mwanzo wa mwezi ajaribiwe.

"Wakinisikia pale, Mama," alisema, "hakuna atakayeniuliza tena mimi ni nani."

Akaanza mazoezi kwenye chumba changu cha kushonea. Cherehani yangu ni ya umeme. Ukiikanyaga kidogo inanguruma, ukiikanyaga sana inalia juu. Yeye alikanyaga, akaufuata ule mlio kwa "mmmm", akapanda nao mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kuanikia nguo.

"Shingo hiyo itapasuka," nikamwambia.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Mama."

"Ainame. Nani kasema ajinyonge?"

Basi siku niliyosikia ule umbea nilipekua. Nyuma ya boksi la nyuzi nikakuta chupa, haina jina wala anwani, imebaki nusu. Ndani kitu cha kahawia kinanuka siki na rangi ya viatu. Nilipomwita mwanangu aitike, ilitoka pumzi tu.

Sikugombana naye. Nilivaa viatu nikampeleka hospitali na chupa mkononi. Daktari wa koo alimulika, akasema limevimba na limeungua kidogo. Anyamaze wiki nzima, hata kunong'ona asinong'one.

"Sauti itarudi?"

"Mkiipumzisha, itarudi. Mkiendelea na hiki, siahidi."

Aliniandikia kwenye karatasi kwamba aliyeleta chupa ni shangazi yake, muuza mabeseni wa soko hilohilo. Alikuja jioni kichwa chini.

"Wifi, mimi nilitaka kumsaidia mtoto. Aliyeniuzia kaapa."

"Wifi yangu, ukiuziwa beseni lenye tundu utalirudisha. Koo la mtoto utalirudisha wapi?"



Sauti ilirudi. Nzito vilevile, lakini nzima. Siku ya majaribio nayo ilikuwa inakaribia, na mwanangu alikuwa amekata tamaa. Tulikuwa tunakula, mdogo wake akauliza hivi shangazi siku hizi anasemaje. Mwanangu akaweka kijiko, akashika kiuno, akamwigiza: "Beseni hili, mpenzi, litakuzika! Hulitaki? Liache, usilichoshe kwa vidole!"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha mimi nikaacha kucheka. Shingo yake ilikuwa imelegea, mshipa haukuonekana hata mmoja. Sauti haikuwa imepanda sana. Ilikuwa imehama tu, imetoka kifuani ikaja kukaa mbele, karibu na meno, nayo inacheza.

"Rudia," nikasema.

"Shangazi atanipiga."

"Rudia, ila omba sabuni."

Akaomba sabuni kwa sauti ya shangazi yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke kabisa, tena mwanamke mkorofi.

Hapo nikawa kwenye fani yangu. Nguo haikatwi hewani. Unaazima iliyomkaa mtu vizuri, unaitumia kama kipimo, kisha unapunguza hapa, unaachia pale, mpaka inakuwa ya mwenyewe. "Shangazi ndiye kipimo," nikamwambia. "Sasa tumpunguze." La sivyo soko zima lingeuliza nani kampa yule wa mabeseni kipaza sauti. Tukafanya muda mfupi kila siku, maji pembeni. Tuliondoa ukali, tukaondoa kuburuta maneno, mwisho tukaondoa na lile "mpenzi", ambalo liligoma kutoka. Koo likichoka, tunaacha. Nilimkatalia hata alipobembeleza.

Siku ya majaribio nilisimama kwenye banda la wifi yangu. Spika zikakwaruza.

"Mwenye lori la vitunguu lango la pili, tafadhali liondoe, wenzako hawapiti."

Sauti ya chini kidogo, laini, ya kike, haina haraka. Hakuna aliyegeuka. Dereva mmoja akajibu kwa kelele kutoka kwenye magunia ya viazi, kama vile spika zina masikio, "Nimesikia, dada! Naliondoa!"

Wifi yangu akatega sikio. "Mbona kama naijua hiyo sauti?"

"Uza mabeseni, wifi."

Kazi alipata, na soko linamsikia kila siku. Nanyi wenye watoto wanaoitafuta sauti yao, yawezekana, nimeona kwa macho yangu. Ila epukeni haya:

Kunywa au kusukutua chochote kisicho na jina, hata kikiletwa na ndugu wa damu.

Kushindana na mashine, filimbi au mtu mwenye sauti nyembamba kwa kupanda juu tu.

Kukaza shingo. Mshipa ukisimama, acheni.

Kuendelea koo likiuma au sauti ikikwaruza.

Kunong'ona mkidhani mnapumzika.

Kukohoakohoa ili kulisafisha koo. Badala yake kunyweni maji.

Kukaa wiki na sauti iliyokauka bila kwenda kwa daktari.

Kumcheka mtoto anapojaribu. Mchekeni shangazi.

Kumwachia ajifungie na chupa peke yake.