Mimba ya Kwenye Skrini

Kazi ya Jhorna katika kiwanda cha nguo cha Gazipur, Bangladesh, ilikuwa kuwa saizi ya kati. Basi. Asubuhi anavaa gauni la majaribio, anasimama kama sanamu mafundi wakimchoma pini, jioni anarudi kwa mama mkwe na mwili uleule alioondoka nao. Kiuno kikizidi, kazi imekwenda. Kwa hiyo Idi zilikuja, biriani likapita mbele ya pua yake likielekea kwa wenzake, na mtoto ambaye mumewe Shahin alimtamani tangu harusi akabaki kuwa maneno ya kitandani.

Ndipo ikaletwa mashine. Kutuma sampuli kwa mnunuzi Ujerumani na kungoja jibu kulikuwa kunakula wiki nzima. Sasa nguo itashonwa ndani ya kompyuta, avalishwe mtu wa kompyuta, mnunuzi aione kabla chai yake haijapoa. Kilichokosekana ni mwili wa kumpa huyo mtu.

"Simama humo kwenye mashine tu, binti," alisema Bwana Quddus, meneja. "Tukishakupima, nenda kanenepe. Zaa hata mapacha. Nafasi yako ipo palepale."

"Kweli, bosi?"

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Akasimama. Taa zikamzunguka, akanakiliwa mpaka chunjua ya shavuni. Wiki hiyohiyo alifuta sahani mbili za biriani, kisha akamnong'oneza Shahin jambo lililomfanya azime redio katikati ya mechi.

Tumbo lilipoanza kuonekana, Bwana Quddus alimwita, akamgeuzia skrini. Jhorna wa kompyuta alikuwa amevaa gauni la njano, anazunguka taratibu, kiuno chembamba.

"Si nilikwambia nafasi yako ipo? Hiyo hapo. Umeshaikalia." Siku hiyo Jhorna akarudi nyumbani bila kazi.

Kufika mwezi wa saba, nyumbani hapakuwa hata na dalili ya karamu ambayo kwa desturi mjamzito hufanyiwa mwezi huo, akalishwa kila anachotamani. "Kwanza upate kazi," mama mkwe alisema, "matamanio baadaye." Basi Jhorna aliposikia kiwanda kimepata oda ya magauni ya wajawazito, alikaribia kukimbia kwenda huko. Nani mwingine alikuwa na tumbo kama lile?

"Afadhali umekuja, dada," alisema Rubel, kijana wa kompyuta. "Hebu simama hapa kwenye mwanga. Geuka. Inama kidogo."

Akageuka, akainama, akashika mgongo kama wajawazito wafanyavyo. Rubel alimtazama, akasogeza kipanya mezani. Kwenye skrini, tumbo la yule Jhorna mwingine likavimba: mwezi wa tano, wa sita, wa saba, bila kichefuchefu hata kimoja.

"Nilikuwa nimeliweka juu mno. Kumbe linashuka hivi. Asante, dada, umetuokoa."

"Nianze lini?"

"Kuanza nini?"

"Wa saba huo!" fundi mmoja alipiga kelele akiinyooshea skrini kidole. "Karamu yake iko wapi?"

Chumba kizima kikacheka. Boksi la roshogolla, vitamutamu vya maziwa vilivyolowa shira, likafunguliwa, mmoja akabandika tonge la utamu kwenye mdomo wa skrini, shira ikatiririka juu ya chunjua ya Jhorna.

"Mpeni na huyu moja," alisema Bwana Quddus akipita.

Jhorna akaipokea, akaila palepale. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na hakuna tena aliyekuwa akikiangalia kiuno chake.