Nyuki wa Wifi

Walimwita Mama Nta kwa sababu kila alikopita aliacha harufu ya nta. Tangu baba yake afariki, mizinga yote ya magogo kwenye shamba kubwa la bwana waliyemfanyia kazi ilikuwa mikononi mwake, na asali yake ya maua ya porini haikuwa na mpinzani. Mpaka mdogo wake alipooa.

Huyo wifi alikuwa mcheshi, hana papara. Aliomba gogo moja bovu lililotupwa nyuma ya banda, akalisugua nta ndani, akalitundika mtini karibu na jiko. Mvua hazijaisha, nyuki wakaingia wenyewe. Walipokuja kurina asali, mwenye shamba akachovya kidole kwenye ndoo ya wifi, akafumba macho.

"Hii ndiyo asali!"

"Na yangu je?" Mama Nta akauliza.

"Aa, yako pia nzuri," akajibu, kidole bado kimo mdomoni.

Ile "pia" ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kila wifi alipocheka jikoni, Mama Nta alihisi anachekwa yeye. Mchana mmoja wifi alipokwenda kisimani, uzalendo ukamshinda. Akakusanya majani mabichi, akayawasha chini ya ule mzinga, moshi ukafuka mpaka nyuki wakatoka wote na kwenda kujining'iniza kwenye paa la ghala.

Wifi aliporudi, alitupa ndoo akamkimbilia.

"Dada, nisaidie! Wamehama, na anayewaweza hapa ni wewe tu."

Mama Nta akachukua kikapu. Akapanda ngazi, akawakung'utia kikapuni taratibu, wengine wakimchoma viganja.

"Niwarudishe kwako?" akauliza kwa shida.

"Waweke mzingani kwako. Kwangu si wamekataa?"

"Na hukasiriki?"

"Nikasirike nini, dada? Si tutalamba wote!"

Basi akawaweka kwake, wakatulia. Alikuwa amepata alichokitaka, lakini moyo haukupoa hata kidogo. Alimtazama wifi akiyafagia majivu chini ya mzinga mtupu, akangoja aulizwe. Hakuulizwa.

Baadaye wifi alikuja na kikombe cha chai, akachuchumaa mbele yake na kuanza kumtoa miiba ya nyuki kiganjani, huku akipuliza.

Mama Nta akauvuta mkono.

"Niache," akasema. "Nitaitoa mwenyewe."