Miezi Mitatu Tena

Kila hati yake ya kuikopesha serikali kwa miezi mitatu ilipokomaa, Mwalimu Cherotich alinunua nyingine. Hatifungani ya miaka kumi aliikataa katakata, hata riba ilipokuwa nono. Miaka kumi Lamu afanye nini, naye yu mbioni kurudi kwao Kericho? Ndiyo kauli yake tangu apange chumba Mkomani akingali msichana. Sasa amestaafu, na riba imeporomoka hata haitoshi kodi ya chumba.

“Ya miaka kumi je?” akamuuliza Hesbon, karani wa benki.

“Nayo imeshuka, Mwalimu. Lakini ukiichukua leo, riba yake haikushukii tena miaka yote kumi.”

Miaka kumi!

“Nipe ya miezi mitatu. Disemba nitakuwa nyumbani.”

Hesbon alishaijaza fomu hivyo kabla Mwalimu hajaketi.