Zamu ya Meza ya Hewa

...na asiniambie mtu sikuwepo, nilikuwepo, pale Houston, kwenye ukumbi wa kuongozea kituo cha anga, hatua mbili nyuma ya kiti chake, juu ya ngazi nabadilisha taa, na mtu uliyemzoea miaka kumi na tisa kama nilivyomzoea Delbert Kowalik hana haja ya kufungua kinywa ndipo usikie anachowaza, na alichowaza asubuhi ile ni neno moja, sitisha, sitisha tu, kwa sababu mkuu wa zamu, Marisela Treviño, alikwishaanza kuzungusha swali meza kwa meza kama desturi yao, kila meza ijibu tayari au sitisha, na sitisha ya mtu mmoja yatosha, habishi mtu, kile chumba kikuukuu cha kituo cha anga hakitaachiwa leo kikaanguke baharini, kitakaa juu wiki kumi na moja zaidi, na Delbert atakaa na meza yake, maana siku chumba kinapoachiwa na meza inafungwa, walimwandikia hivyo kwa barua pepe, hata uso hawakumwonyesha, baada ya miaka ishirini na sita ya kukilea... "Umeme?" "Tayari." ...wanasema tayari kama wanaagiza soda, na kile kipya kinaelea jirani kikingoja nafasi, kimeng'aa, hakijawahi kunusa jasho la binadamu, na watu wanakipigia makofi... "Mzee Del," akanong'ona Shawnda, mwenzake wa kiti cha pili, kolache, kile kimkate chao chenye jamu, mdomoni, "hewa ya katikati ya milango inashuka, au ni macho yangu?" "Macho yako mazima, mama, imeze kwanza hiyo kolache." ...inashuka, ndiyo, pale kile chumba kikuukuu kinapoungana na kituo, hushuka kila jua likikipiga kile kipimo ubavuni, dakika sita, kisha inapanda yenyewe, hakuna kinachovuja, kipimo ndicho kinachodanganya, na duniani kote anayejua ni yeye, alikigundua mwaka ule mkewe Lorene alipopasuliwa nyonga, hakuandika kwenye kitabu cha zamu, mwanzoni kwa uchovu, halafu... halafu kwa utamu, maana namba ikishuka wote walimkimbilia, Del, Del, njoo, naye anakuja taratibu na kikombe chake, anakodoa, anasema ngojeni dakika sita, wanamwona mganga... "Mawasiliano?" "Tayari." ...na akisitisha leo hatakuwa amedanganya, namba si ndiyo hiyo hapo, kila mtu anaiona, ila kanuni inasema namba ikishuka watu watoke nje wakakague mlango, Renata na mwenzake, wanaanga wanaokaa huko juu, saa saba ndani ya lile vazi, chini yao hakuna kitu, na hapo hapo sauti ya Renata ikaingia kutoka juu, "Houston, mkimaliza kuulizana mtustue, huku tumbo linanguruma," ukumbi ukacheka, Delbert naye akacheka, halafu akawaza, mwanamke atoke nje kutafuta tundu lisilokuwepo, ili nani akalie kiti hiki, kiti chenyewe kimechanika... "Mzee, usiposema, nasitisha mimi," Shawnda sasa hatafuni, "meza si yako peke yako." ...basi hata tayari kavu haitoshi, huyu atamkata kauli, lazima aseme kipimo kinadanganya, na watauliza tangu lini, na jibu ni miaka kumi na minne, mbele ya ukumbi mzima, mashine zinarekodi, na hayo ndiyo watakayomkumbukia, si zile zamu za Krismasi, si kitu kingine... na wakumbuke tu, maana miaka yote alidhani wanamhitaji yeye, kumbe walihitaji sentensi moja, aliikalia kama kuku, akajiita mlezi... "Milango?" "Tayari." "Meza ya hewa?" ...sentensi moja, maneno manne, matano... "Meza ya hewa. Del, bwana, upo?" ...yupo, akainamia kipaza sauti, neno lile la asubuhi, sitisha, akalitafuta asilione, akapeleka kidole kwenye kitufe, mkono umetulia tuli kama wa fundi saa... na hilo la mkono kutulia, niseme tu, nimelitunga mimi, kwa kumstahi. Kutoka pale ngazini niliona kitufe kikimponyoka mara mbili, ndipo akasema, "Tayari, kipimo hicho kinadanganya."